Kinyago Ulichokichonga Mwenyewe

Hotuba kuhusu kutengeneza vinyago vya uso, iliyotolewa Jumamosi asubuhi, Kinondoni, Dar es Salaam, mbele ya walimu wa sanaa, walezi wa vikundi vya vijana na wazazi. Tunaiweka yote hapa kwa waliokosa. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambaye salamu hizo hazijamfikia, habari za asubuhi. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Naanza kwa kugombana na methali, na najua kufanya hivyo mbele ya walimu wa Kiswahili ni kujitafutia ubaya. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mzazi humwambia hivyo mtoto aliyeanza kuota pembe: nimekulea mimi, hunibabaishi. Sawa. Lakini mkalishe mtu kwenye kiti, mfunike uso kwa plasta, subiri robo saa, kisha mpe mkononi kinyago cha uso wake mwenyewe. Atakishika. Atakigeuza. Atanyamaza. Halafu atauliza lile swali ambalo karibu kila mtu huliuliza: "Mimi niko hivi?"

Nauliza, kwa nini ashangae uso anaouosha kila asubuhi?

Kwa sababu hajawahi kuuona. Kioo kinampa uso uliogeuzwa, kushoto kimekuwa kulia. Shavu lililojaa kuliko mwenzake, pua iliyolalia upande, kidevu kilichopinda kidogo, sisi tunaomtazama tumevizoea. Yeye amezoea kinyume chake. Plasta haigeuzi kitu. Inachukua uso ulivyo, macho yamefumba, bila lile tabasamu la kumpendezesha mpiga picha. Basi kinyago ulichokitengeneza mwenyewe kinakutisha kuliko cha mwenzio, na ndiyo maana tuko hapa leo.

Neno moja kuhusu maneno. Tangu 2020 ukisema barakoa, watu wanafikiria korona na maji ya kunawa mlangoni. Neno lenyewe ni la zamani zaidi. Mabibi wa Kiomani kule Unguja walivaa barakoa usoni karne ya 19, na wala si kwa kuogopa kirusi. Mimi nitasema kinyago, ili tusichanganyane.

Na msiniambie nyinyi hamvai. Panda daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi, tazama zile nyuso. Tunaziita sura ya kazi. Mtu kafunga uso kama duka la sikukuu ili asiombwe nauli, asisogezwe, asiulizwe. Anashuka Posta, anaivua, anavaa ya ofisini. Jioni anavaa ya msibani. Swali la leo ni dogo tu: katika hizo zote, ipi umeichonga mwenyewe na ipi umevalishwa?

Twende Kusini kwanza. Wamakonde, wa uwanda wa juu wa Newala huku kwetu na wa Mueda ng'ambo ya Ruvuma, wana kinyago kiitwacho lipiko. Vikiwa vingi ni mapiko, na ngoma yake huitwa hivyo hivyo. Lipiko huvaliwa kichwani kama helmeti ya bodaboda, limelalia nyuma kidogo, na mchezaji huona nje kupitia mdomo wa kinyago. Nywele zake mara nyingi ni nywele za watu kweli, na chale za usoni hutokezwa kwa nta ya nyuki. Shingo na mwili hufunikwa nguo, usione hata kidole. Kwa mama na watoto wanaotazama, yule si jirani. Ni mzimu umekuja.

Kisha mvulana anaingia jandoni, na moja ya siri anazofunuliwa huko ni hii: lipiko ni mtu. Kile kitu kilichomkimbiza na kumliza utotoni kinavuliwa mbele yake, na ndani yumo mtu anayemjua, katota jasho. Anaapishwa asiwaambie akina mama. Mlango wake wa kuingia utu uzima ndio huo, ndugu zangu: kuonyeshwa ndani ya kinyago. Mzee mwenye siri hakumhubiria ujasiri. Alimwonyesha ndani, basi.

Natia neno hapa, maana kuna wanaodhani watakwenda Mwenge kwa wachongaji kununua kinyago cha mpingo wakivae. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Kinyago cha mpingo ni cha ukutani. Mapiko ya kuchezea huchongwa kwa mti laini, mwepesi, kwa sababu kuna shingo ya binadamu chini yake. Anayekuuzia cha mpingo akidai babu yake alikichezea, mpe pole ya shingo ya babu.

Sasa tuingie kazini, na hapa nitakwenda polepole.

Bandeji ya plasta ni ile ile ya kufungia aliyevunjika mguu, ile mitaani wanayoiita hogo. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Roli moja ya upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 2.7 inatosha uso mmoja wa mtu mzima kwa tabaka tatu. Ikate mapema, mikono ikiwa mikavu: vipande virefu vya sentimita 3 kwa 15, vifupi vya 2 kwa 5 kwa ajili ya pua. Tone moja la maji likiangukia roli, sehemu ile imekwisha. Na hewa ya Dar nayo ni maji. Pakiti ikifunguliwa Jumatatu na kuachwa wazi, Ijumaa unapata bandeji isiyoganda vizuri, inamwaga unga tu. Zungushia plastiki mara mbili, kaza kwa uzi.

Mtu anakaa ameegemea, hajalala kabisa. Nywele unazifunga kwa kofia ya plastiki ya kuogea. Kisha mafuta ya mgando. Paka uso mzima, na pakeni bila huruma kwenye nyusi, kope, mstari wa nywele, sharubu na ndevu. Kila mwaka kuna anayeona aibu kupaka mafuta mengi kwenye nyusi, na kila mwaka kuna nyusi zinazobaki ndani ya plasta. Mwenye lenzi za macho azitoe. Mwenye pumu, mwenye mafua yaliyoziba pua, au anayeingiwa na hofu akifunikwa, huyu hafunikwi; nitamfikia kwenye kinyago cha karatasi.

Maji yawe ya vuguvugu, lita mbili kwenye beseni. Ya moto yataigandisha plasta kabla hujafika kidevuni. Zamisha kipande sekunde mbili tatu, kipitishe katikati ya vidole viwili maji yachuruzike, kilaze, kisha kisugue kwa ncha ya kidole mpaka vile vitundu vya kitambaa vipotee. Vitundu vikionekana, hapo plasta haijashikana na tabaka la chini, na ndipo kinyago kitakapochanika. Anza paji la uso, zunguka pembeni, njoo mashavuni, kidevu, shina la pua, mwisho mdomo. Ukingo ukunje mara mbili, maana ukingo mwembamba ndio unaolegea wa kwanza.

Tundu za pua haziguswi. Haziguswi! Wala usichomeke mirija puani kama mnavyoona kwenye video. Ukiigonga kwa kiwiko imeshamuumiza. Macho msiyafunike kwa wanaoanza. Na kabla ya kipande cha kwanza, kubalianeni ishara mbili za mkono, kwa sababu mdomo utakuwa umefungwa: dole gumba juu, niko sawa, kiganja wazi, toa sasa hivi. Kiganja kikifunguka hakuna "subiri kidogo namalizia". Unatoa.

Plasta ikiganda hupata joto. Usoni, kwa tabaka tatu nyembamba, ni joto la kikombe cha chai kilichopoa. Lakini msiizoee. Mwaka 2007 huko Uingereza msichana wa miaka 16 alizamisha mikono yake kwenye ndoo ya plasta shuleni, apate umbo la mikono. Plasta nene ikaganda, joto likapanda, mikono haikutoka. Akapoteza vidole vingi. Walimu wangu, mmenisikia? Bandeji nyembamba juu ya ngozi, ndiyo. Ndoo ya plasta nzito na kiungo cha mtoto ndani yake, hapana, hata kwa dakika moja.

Dakika 12 mpaka 15, joto limepita, ukigonga kwa ukucha inalia kama kibuyu. Mwambie akunje uso: apandishe nyusi, atabasamu, avute mashavu. Kinyago kinaachia chenyewe kuanzia taya kwenda juu. Kikiwa na nyufa, huyo alicheka. Daima kuna rafiki anayesimama pembeni kumchekesha aliyefunikwa. Mtoeni nje.

Maji ya beseni msimwage kwenye sinki. Chenga zile hukaa kwenye bomba zikawa jiwe. Yaache yatulie, mimina maji ya juu kwenye udongo, tope lizoe ulitupe. Na beseni lisilooshwa usilirudie, kwa sababu chembe za plasta ya jana huifanya ya leo igande haraka kuliko mkono wako.

Kisha kikauke. Kijaze magazeti yaliyokunjwa ili kisijibonye, kiweke kivulini penye upepo au chini ya feni. Siku mbili, wakati wa masika nne. Utajuaje kimekauka? Kiguse kwa shavu lako. Kikiwa cha baridi, maji bado yamo. Ukipaka rangi kikiwa cha baridi, rangi itabanduka kama gome la mpera.

Siku hizo za kusubiri watu wengi huziona hasara. Mimi naona nusu ya kazi imo humo. Mtu ameacha uso wake juu ya meza, amerudi nyumbani Mbagala, amelala nao kichwani. Akirudi Jumamosi ya pili si yule wa Jumamosi ya kwanza.

Haya, rangi. Na hapa ndipo viongozi wengi wa vikundi wanapoharibu.

Kosa la kwanza ni swali kubwa. Ukimwambia kijana "paka wewe ni nani," utapata moyo, bendera, na machozi mawili ya buluu. Kila mara. Swali kubwa humfanya mtu ajibu kama kwenye mtihani. Muulize dogo: uso huu huamka saa ngapi? Nani peke yake huuona? Ulianza kuuvaa ukiwa darasa la ngapi? Mpe rangi tatu tu, azichague kabla ya kukaa. Dakika ishirini hakuna mazungumzo, simu zimekusanywa kwenye kikapu. Rangi za akriliki ni nzuri. Hela ikipungua, rangi ya maji ya ukutani na viungo vya rangi kutoka duka la vifaa vya ujenzi vinafanya kazi ile ile. Kwanza piga gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache ikauke, ndipo rangi nyeupe ya chini.

Kosa la pili ni kuanza nje. Anzeni ndani.

Mnajua kwa nini? Nje tunajua kupaka. Tumepaka maisha yote. Ndani ya kinyago hakuna mazoea. Kuna alama za vinyweleo vya ngozi yako, mkunjo wa jicho, hata kovu la tetekuwanga. Mtu anapopeleka brashi pale, mkono unasita. Ule kusita ndio ninaoutafuta. Fanyeni na jaribio hili: simamisheni kinyago kitupu, upande wa ndani ukiwatazama, taa itoke upande mmoja. Rudi hatua tatu, fumba jicho moja. Shimo lile litaanza kuonekana limetokeza kama uso kamili, na ukitembea kwenda kushoto, litakugeukia. Si jini. Ubongo wetu umezoea nyuso zilizotokeza tangu siku tunazaliwa, hauko tayari kukubali uso uliobonyea. Lakini semeni hayo saa mbili usiku, umeme umekatika, mshumaa unawaka, mwone kama methali bado inawatosha.

Njia hii ya ndani na nje inajulikana duniani. Katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, huko Bethesda, Marekani, askari waliorudi kutoka Irak na Afghanistan wakiwa wameumia ubongo kwa milipuko walipewa vinyago vitupu wavipake, chini ya mtaalamu wa tiba ya sanaa Melissa Walker. Wanaume waliokuwa hawawezi kusema lolote kuhusu kilichowapata. Wengine walipasua kinyago katikati. Wengine walifunga mdomo kwa kufuli. Mwaka 2015 jarida la National Geographic lilichapisha picha zao na vinyago vyao, na dunia ikaona. Kwa nini kufuli na si maneno? Kwa sababu kufuli unaweza kulishika. Unaliweka mezani, unaligeuza, na mwenzio anaweza kukuuliza: hili funguo lake liko wapi? Huyo amekuuliza kuhusu kufuli. Unajibu kuhusu wewe.

Kosa la tatu ni letu sisi viongozi: kutafsiri. Kijana kapaka nusu ya uso nyekundu, mwalimu anakuja na uso wa huruma, "Naona una hasira nyingi." Hasira gani, mwalimu? Mwenzio ni Simba damu. Rangi haina kamusi. Uliza "hapa ulianza na rangi gani?" ukae kimya. Mwenye kinyago ndiye msemaji wake, na akisema hasemi, hasemi.

Yapo mengine mazito yatakayotoka. Anayetengeneza kinyago akiwa na msiba mbichi anaweza kulia mpaka mshindwe. Kabla ya kuanza, mjue afisa ustawi wa jamii wa kata yenu na namba yake iwe kwenye simu. Mtoto akionyesha dalili za kuumizwa nyumbani, ipo 116, ya bure. Kiongozi wa kikundi cha vinyago si mganga, na asijitie uganga.

Nimewaahidi wa karatasi. Gazeti la jana, unga wa ngano kikombe kimoja, maji ya baridi kikombe kimoja. Koroga mpaka mabuja yaishe, mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, endelea kukoroga kwa dakika mbili tatu mpaka uwe uji mwepesi unaong'aa. Tia vijiko viwili vya chumvi, inachelewesha ukungu. Fanya umbo la uso kwa udongo wa mfinyanzi, lifunike kwa plastiki nyembamba, kisha bandika vipande vya gazeti tabaka sita. Rarua, usikate. Ukingo uliokatwa kwa mkasi unaonekana mpaka mwisho; ulioraruliwa unazama. Tabaka moja la kurasa nyeusi na nyeupe, linalofuata la kurasa za rangi, ili ujue ulipofika. Matabaka mawili kwa siku, basi.

Mwenye haraka anabandika sita kwa mkupuo, nje panakauka, ndani panabaki uji. Siku ya tano kinanuka, siku ya saba kimeota manyoya ya kijani. Mwingine anakianika juani pale Manzese saa saba mchana. Upande wa jua unakauka kabla ya mwingine, kinyago kinajikunja kama dagaa. Na usiku kuna mende, ambao uji wa ngano kwao ni pilau. Kikikauka, kipake gundi ya seremala ndani na nje siku hiyo hiyo. Msasa namba 120, kisha 220, ndipo rangi. Na hili la karatasi lina uzuri wake: plasta inakupa uso ulio nao, udongo unakuuliza uso unaoutaka. Mkono wa mtu aliyeambiwa "finyanga uso wowote" huwa unafinyanga wa mtu fulani. Mara nyingi ni mama.

La mwisho, kinyago kikimalizika ni cha nani?

Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa kwenye Makumbusho ya Taifa, hapa hapa mjini. Mwaka uliofuata kikanunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, kikakaa huko Uswisi. Mwaka 2010 kikarudi. Miaka 25 kinyago kilikaa kwenye makumbusho ya ugenini, mbali na watu wanaojua kinachezwaje.

Ya kwetu ni madogo, lakini ni wizi ule ule. Shule inafanya maonyesho siku ya wazazi, mwalimu anavitundika vinyago vyote ukumbini, ndani na nje, majina yamebandikwa. Kijana aliyepaka ndani siri yake anamwona shangazi amesimama mbele yake na miwani. Msifanye hivyo. Mwenye kinyago ndiye anayeamua: kitundikwe, kigeuziwe ukutani, kiende nyumbani kwenye mfuko, au kivunjwe. Ndiyo, kivunjwe. Wapo watakaoomba nyundo. Wapeni, na miwani ya kukinga macho.

Basi. Maji kwenye mabeseni yameshafika vuguvugu, nimeona dada pale nyuma anayapima kwa kiwiko. Kaeni wawili wawili, mmoja afunike, mmoja afunikwe, na msikae na mnayemwogopa. Wenye ndevu njooni mbele kwanza. Kopo la mafuta ni moja.